Boneti Ina Matundu Manne, na Injini Bado Inachemka

Wadau wa magari Malindi na Kilifi, leo nitawaudhi kidogo, lakini ni kwa mapenzi. Mengi ya hayo maboneti yenye pua na matundu mnayowekea Impreza zenu hayapoozi kitu. Mengine yanazidisha joto kabisa. Na kwa hali yetu ya Pwani, hasa jua la Februari na Machi, huo si mchezo. Unaiua injini kwa pesa yako mwenyewe.

Tuanze na kitu kila mtu hapa anajua. Chumba kikiwa na dirisha moja tu, hata liwe kubwa vipi, upepo unakuja unaishia mlangoni. Fungua dirisha la upande wa pili, mara moja unapata hewa. Rejeta iko vivyo hivyo. Hewa inapita ndani yake juu presha ya mbele ni kubwa kuliko presha ya nyuma, pale injini ilipo. Tofauti ya hizo presha mbili ndiyo ubaridi wako. Sasa wewe ukifungua pua nyingine ya kuingiza hewa juu ya injini, na njia ya kutoka hujaweka, umejaza chumba. Presha ya nyuma inapanda, hewa ya rejeta inakosa pa kwenda, na geji inaanza safari.

Najua utaniambia, "Mbona Subaru yenyewe inatoka kiwandani na pua?" Sawa, lakini uliza ni ya nini. Pua ya WRX haikuwekwa kwa ajili ya rejeta. Inalisha intakula iliyolala juu ya injini, ile inayopooza hewa ya tabo kabla haijaingia kwenye sirinda. Na chini ya boneti ya kiwandani kuna mfereji unaoisukuma hewa ipite katikati ya intakula. Boneti nyingi za kuiga zina pua, mfereji hazina. Hewa inaingia, inatawanyika, inapotea. Kuna wengine wanaweka boneti bapa ya kaboni juu inapendeza, intakula inabaki bila pumzi. Na kama ulishahamisha intakula ukaiweka kwenye bampa, ile pua imebaki pambo, halafu rejeta yako sasa inavuta hewa iliyokwisha pata moto.

Angalia Lancer Evolution uone kinyume chake. Intakula yake iko mbele kwenye bampa, na matundu ya boneti yake ni ya kutoa joto. Gari mbili, matundu mawili, kazi tofauti kabisa. Sisi tunachanganya yote kwa sababu tunanunua sura.

Na sura tunaitoa kwa Safari Rally, tusidanganyane. Colin McRae alishinda Safari na Impreza mwaka 1997, na tangu mbio hizo zirudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, kila kijana anataka boneti ya rally. Basi ukiiga, iga vizuri. Tazama picha za hizo gari polepole: matundu makubwa ya boneti yanatazama nyuma, yanatema hewa ya moto iliyotoka kwa rejeta.

Mahali pa tundu ndipo penye siri. Hewa ikipanda ukingo wa mbele wa boneti inaenda kasi, na hapo presha inashuka. Tundu la kutoa joto likikaa hapo, nyuma kidogo ya rejeta, hewa ya moto inavutwa nje yenyewe. Karibu na kioo mambo yanageuka. Upepo unagonga kioo, unajibana, presha inapanda. Ndiyo maana ile mbinu ya kuinua boneti kwa nyuma, kuweka vyuma chini ya bawaba, inasaidia ukiwa umekwama kwenye jam ya Mtwapa, juu joto linapanda lenyewe. Lakini ukishika kasi ukipita Vipingo hadi Gede, hewa inaanza kuingilia palepale ulipotaka itoke.

Huniamini? Usinibishie kwa mdomo. Kata vipande vya uzi wa kufumia, vibandike kwa tepu kuzunguka matundu, mwenzako akufuatilie na simu akirekodi. Uzi ukilala kuelekea ndani, hilo tundu linaingiza. Ukirushwa juu na nje, linatoa. Gharama yake haifiki hata bei ya chai na mahamri.

Kabla ya boneti lakini, kuna mambo ya aibu tunayaruka. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na bado kuna mtu anajazia rejeta maji ya kisima! Chumvi inakula alumini kwa ndani, upepo wa bahari unakula mapezi kwa nje. Weka kulanti halisi na maji safi yasiyo na chumvi. Badilisha kifuniko cha rejeta kikichoka, juu presha anayoishika ndiyo inayozuia maji kuchemka mapema. Hakikisha feni inazunguka. Ziba nafasi zilizo kando ya rejeta ili hewa isipite pembeni. Rudisha ile ngao ya chini uliyoitupa. Hedi ya alumini ikipinda kwa joto na gasketi ikiungua, hakuna boneti itakayokuokoa.

Ukimaliza hayo na bado unataka boneti, nakuunga mkono. Pwani hii ina mafundi wa fiba wanaotengeneza mashua zinazopigwa na mawimbi kila siku. Kaa na mmoja, mpe vipimo, mwambie tundu likae wapi na litazame wapi, mfereji upite wapi, na usisahau pini za kuishika isiruke ikavunja kioo. Hiyo ni boneti iliyofikiriwa, na pesa imebaki nyumbani.

Na kama unataka tu ipendeze, ni haki yako, gari ni yako. Ila usimwambie dogo anayekutazama kwamba hiyo ni ya kupooza injini. Atakuamini, atajichanga miezi, na siku ya kwanza ya jua kali atakuwa kando ya barabara na mvuke unatoka kwenye matundu yote manne.