Usimfungie mwizi mbwa

Wasee, hebu tuongee. Ile programu ya kuhariri video mnatumiana bure, yenye imevunjwa leseni, maagizo yake huanza hivi: zima antivairasi kwanza. Yaani mgeni anakuomba umfunge mbwa ndio aingie, na wewe unamfungulia geti?

Najua mtasema ni dakika tano tu. Ni kweli, Defender ya Windows ukiizima hujiwasha yenyewe baadaye. Lakini programu ya wizi haihitaji hata hizo tano. Inabeba vidakuzi vya brauza, vile huiambia tovuti kwamba ushaingia, na mwizi anafungua akaunti yako bila kuulizwa nenosiri. Linus Tech Tips waliibiwa chaneli ya YouTube kwa njia hiyo Machi 2023, na walikuwa na wafuasi zaidi ya milioni 15.

Ukiambiwa uweke folda kwa orodha ya zisizokaguliwa, hapo ni mbaya zaidi. Hiyo haijirudishi, lazima uitoe mwenyewe.

Sisemi mnunue leseni, pesa hakuna. DaVinci Resolve iko na toleo la bure, tena halali. Anzia hapo. Hiyo mashine ndiyo shamba lako.