Gobore Ndani ya Furushi la Posta

Je, gobore ni bunduki? Mzee wa kijijini angecheka kuulizwa swali kama hilo. Gobore hushindiliwa baruti na risasi kwa mdeki, huelekezwa kwa mnyama, hulia kwa kishindo, na mnyama huanguka. Ikiwa hiyo si bunduki, basi bunduki ni kitu gani? Walakini sheria kuu ya Marekani, nchi ambayo raia wake wana silaha nyingi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote duniani, hujibu kwamba gobore lililotimiza masharti fulani halihesabiwi kuwa bunduki. Laweza kuagizwa kwa barua likaletwa mpaka mlangoni. Madhali wako jamaa zetu wengi wanaoishi huko, na baadhi yao hupenda kutuma nyumbani vitu vya kupamba ukutani au zawadi kwa wazee, yafaa jibu hilo lichunguzwe kwa makini kabla mtu hajalifunga furushi.

Gobore la Marekani si lazima liwe la kale. Jimbo la Pennsylvania lilianzisha mwaka 1974 msimu wa kuwinda paa kwa bunduki za gumegume tu, yaani zile ambazo jiwe hugonga chuma na cheche huwasha baruti. Misimu ya namna hiyo imewafanya wawindaji watafute silaha za mtindo wa mababu zao, na viwanda vimewatimizia haja. Nyingi hutengenezwa Italia, katika bonde la Gardone Val Trompia karibu na Brescia, ambako kiwanda cha Pedersoli kilianza kazi mwaka 1957. Kwa hiyo bunduki iliyotoka kiwandani mwezi uliopita huonekana kama iliyopigana vita vya miaka 200 iliyopita, na hulipuka vivyo hivyo.

Ili kuelewa jinsi gobore lilivyosamehewa, hapana budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1927 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukataza bastola na silaha nyingine za kufichika mwilini zisipelekwe kwa posta na watu wa kawaida, kwa adhabu ya kifungo kisichozidi miaka miwili. Bunduki ndefu hazikuguswa. Ndiyo maana mwezi Machi mwaka 1963 mtu aliyetumia jina la uongo la A. Hidell aliweza kukata kipande cha tangazo gazetini, kutuma fedha kwa duka moja la Chicago, na kuletewa bunduki ya Kitaliani katika sanduku la posta mjini Dallas. Bei yake pamoja na darubini na gharama za kupeleka ilikuwa dola 21 na senti 45. Mtu huyo alikuwa Lee Harvey Oswald, na kwa bunduki hiyo, tarehe 22 Novemba mwaka huohuo, aliuawa Rais John Kennedy.

Bunge lilibishana miaka mitano. Walipouawa Martin Luther King na Robert Kennedy mwaka 1968, ndipo ilipopita sheria ya kudhibiti bunduki iliyotiwa sahihi mwezi Oktoba mwaka huo. Biashara ya kumwuzia raia bunduki kwa barua kutoka jimbo moja hadi jingine ikafungwa; tangu hapo sharti ipitie kwa mwenye duka aliye na leseni. Lakini wenye kukusanya vitu vya kale walilalamika, na kwa ajili yao sheria ikaacha mlango mdogo wazi.

Mlango huo una vipimo. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huitwa ya kale. Silaha mpya iliyoigiza ya kale husamehewa pia, maadamu haikuundwa kutumia risasi za ganda zinazopatikana madukani. Mwaka 1998 ikaongezwa kwamba bunduki yoyote ya kushindiliwa mdomoni, iliyoundwa kwa baruti nyeusi au kitu cha kuishika nafasi yake, na isiyoweza kutumia risasi za ganda, imo katika kundi hilo. Watu husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Maneno yanayofuata ndiyo yenye miiba: msamaha haupo ikiwa bunduki ya kisasa imegeuzwa kuwa gobore, wala ikiwa gobore lenyewe limejengwa juu ya kiini cha bunduki ya kisasa, wala ikiwa kwa kubadili kasiba au kifungio chake laweza kurudishwa kula risasi za ganda kwa urahisi. Ziko silaha za namna hiyo madukani, na kwa macho hazitofautiani sana na nyingine. Mwenye nayo anadhani ana gobore, na sheria inasema ana bunduki.

Zaidi ya hayo, hiyo ni sheria kuu tu. Kila jimbo lina yake. New York, kwa mfano, husema kwamba bastola ya kushindiliwa huitwa ya kale ikiwa haijashindiliwa. Ikitiwa baruti, jina hilo huipotea.

Posta ya Marekani nayo ina kitabu chake cha vitu vinavyokatazwa na vinavyowekewa masharti, kiitwacho Chapisho namba 52. Humo silaha ya kale inayopelekwa kama kitu cha kumbukumbu au cha makumbusho husamehewa vizuizi vinavyozipasa bastola na bunduki za kawaida. Maneno hayo ni mafupi, na karani wa kaunta si lazima ayajue. Mtu mwenye busara hafiki na furushi lililokwisha kushonwa. Humwendea kwanza mkuu wa posta, hueleza kilichomo, huonyesha hati za kiwanda zinazotaja aina ya silaha, na hupokea jibu kabla ya kufunga. Kampuni za binafsi za kupeleka mizigo hazifungwi na msamaha wa posta. Zina kanuni zao, mara nyingi kali zaidi, na huzibadili zipendavyo.

Sasa tuje kwenye baruti, maana hapo hapana msamaha hata kidogo. Chombo kisichohesabiwa kuwa bunduki husafiri. Chakula chake hakisafiri. Baruti nyeusi ni kilipukaji cha daraja kali, huwaka kwa cheche ndogo, kwa msuguano, na hata kwa umeme mdogo unaotokana na nguo kavu. Haipokelewi na posta kwa kiasi chochote, hata kijiko kimoja kilichosahauliwa ndani ya pembe ya baruti. Fataki, vile vikombe vidogo vya shaba vinavyogongwa na nyundo ya bunduki, navyo ni vilipukaji na havipokelewi. Wanaofanya kosa hili mara nyingi si wahalifu. Ni watu wanaouza seti nzima: bunduki, pembe, mfuko wa risasi na kikopo cha fataki, wakaona uzuri kuviweka pamoja. Anayetia kwa kujua kitu kilichokatazwa katika posta aweza kufungwa hadi mwaka mmoja hata kama hakukusudia kumdhuru mtu. Katazo la vilipukaji si la Marekani peke yake; limo katika mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoundwa mjini Bern mwaka 1874, na kila nchi mwanachama huwajibika nalo.

Posta hudai pia kwamba silaha isiwe imeshindiliwa. Sharti hilo husomwa haraka kana kwamba ni jambo la wazi. Kwa bunduki ya kisasa ni la wazi: mtu hufungua mtambo, akatazama, akaona risasi au nafasi tupu. Gobore halifunguki nyuma. Baruti na risasi vimelala chini kabisa mwa kasiba, gizani, wala jicho halifiki. Silaha iliyotundikwa ukutani na babu baada ya mawindo ya mwisho yaweza kuwa ingali na shehena yake, na baruti nyeusi iliyokaa mahali pakavu haizeeki upesi. Miaka mingi ikipita bado huweza kuwaka. Zimepata kuonekana silaha za kale katika nyumba na makumbusho ambazo kila mtu aliziamini kuwa tupu, kumbe hazikuwa tupu.

Njia ya kupima ni ya zamani na rahisi. Mdomo wa bunduki huelekezwa mahali pasipo na mtu, na mpimaji asisimame mbele yake. Katika bunduki ya fataki, kwanza hutazamwa kama kuna fataki juu ya chuchu, ikiwapo huondolewa. Kisha mdeki huteremshwa polepole ndani ya kasiba mpaka ukome wenyewe, bila kupigwa wala kusukumwa kwa nguvu, na alama hutiwa kwa kalamu pale ulipofikia mdomoni. Mdeki huchomolewa, hulazwa nje kando ya kasiba, alama ikiwa sawasawa na mdomo. Ncha ya mdeki ikifika penye kitundu cha moto, au karibu nacho sana, kasiba ni tupu. Ikikomea mbele yake kwa upana wa vidole viwili au vitatu, kuna kitu ndani. Huenda ni kutu au kitambaa cha kusafishia kilichokwama. Huenda ni risasi na baruti. Tofauti hiyo haitafutwi na mwenye nyumba kwa msumari au kwa moto. Silaha huwekwa mahali pa salama, watoto huondolewa, na fundi wa bunduki huitwa.

Wako watakaosema kwamba haya yanamhusu mwindaji wa Pennsylvania tu. La, hasha. Yanamhusu kila mwenye gobore la urithi nyuma ya mlango, akiwa analituma au halitumi. Akina mama wanaofagia chumba hicho kila siku wana haki ya kujua kama limepimwa.

Likishathibitika kuwa tupu, husafishwa kwa maji ya moto na sabuni, maana masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa na kula chuma. Likaukapo hupakwa mafuta. Bunduki ndefu hufungwa katika sanduku gumu, na nje ya sanduku hapaandikwi lolote la kutangaza kilichomo, kwa sababu ya wezi.

Hayo yote ni ndani ya mipaka ya nchi moja. Furushi likivuka mpaka, majina hubadilika. Kati ya Detroit ya Marekani na Windsor ya Kanada kuna mto tu. Ng'ambo hii, gobore jipya la gumegume na gobore jipya la fataki yote husamehewa. Ng'ambo ya pili, sheria ya Kanada huhesabu kuwa ya kale silaha nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1898, na katika hizi mpya za kuigiza huisamehe bunduki ndefu ya gumegume, lakini ile ya fataki haimo, wala bastola mpya ya gumegume haimo. Uingereza ni kali zaidi: silaha ya kale hasa huruhusiwa kuwekwa kama pambo, bali ile mpya ya kuigiza, hata ikifanana nayo kama mapacha, mwenyewe sharti awe na cheti. Umoja wa Mataifa, katika itifaki yake ya silaha ya mwaka 2001, uliziondoa silaha za kale na mifano yake katika maana ya bunduki, ukaiachia kila nchi iamue ipi ni ya kale, mradi isiwe iliyotengenezwa baada ya 1899. Basi hakuna jina moja la gobore duniani.

Katika sehemu zetu za Afrika jambo hili lina historia yenye uchungu. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa makubwa yalikubaliana kuzuia silaha zisiingizwe Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Walakini waliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya kasiba, pamoja na baruti duni ya biashara. Mwafrika aruhusiwe gobore, na wenye kumtawala washike bunduki mpya! Si ajabu kwamba gobore lilibaki vijijini likarithiwa na kutengenezwa na wahunzi wetu wenyewe.

Serikali huru hazikurithi upole ule kwa gobore. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, huanza kuieleza bunduki kwa maneno mapana, silaha yoyote ya kuua yenye kasiba iwezayo kutoa risasi, na gobore huingia humo bila kuinama. Katika Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwamo Uganda, Burundi, Rwanda, Kongo, Kenya na Tanzania, ziliahidi kuhesabu kuwa ni jinai kuingiza au kuwa na silaha ndogo bila idhini.

Na hapa ndipo kijana aliyeko ng'ambo anapoweza kumponza mzazi wake pasipo kukusudia. Aliyenunua kwa halali, akatuma kwa halali, yuko maili elfu nane mbali. Jina lililoandikwa juu ya furushi ni la baba yake, na afisa wa forodha akilifungua, swali la kwanza atakaloulizwa mzee ni kibali kiko wapi. Kumweleza afisa kwamba huko lilikotoka kitu hicho si bunduki hakutamsaidia. Kwa hiyo kibali huombwa kwanza na mpokeaji, katika ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni za silaha ya nchi yake, nacho hupatikana kwa maandishi, kabla mtumaji hajakanyaga posta. Kibali kikikataliwa, gobore na libaki Pennsylvania, na mzee atumiwe picha yake.