Gazeti Lililopitiwa kwa Makusudi
Tarehe 8 Machi 2018, Siku ya Wanawake Duniani, gazeti la New York Times lilianza kuchapisha taazia za watu waliokufa zamani ambao halikuwaandikia wakati huo. Safu hiyo iliitwa Overlooked, na ni jina hilo linalonikera. Kiingereza kina maneno mengi ya mtu aliyeachwa pembeni, na kila moja hugawa lawama kivyake. Neglected humkamata aliyekuwa na wajibu asiutimize: mzazi, daktari, serikali. Ignored husema alikuona, akageuza shingo. Overlooked ndilo pole kuliko yote: jicho lilipita juu kwa juu, bahati mbaya tu, hakuna aliyekusudia. Sasa mchukue Ida B. Wells, aliyekuwamo katika kundi la kwanza. Alizaliwa mtumwa huko Mississippi mwaka 1862, akaja kuzunguka Marekani na Uingereza akifichua jinsi makundi ya wazungu yalivyowaua watu weusi bila kesi wala hukumu. Mwaka 1894 gazeti hilohilo lilimwandika kwa matusi. Alipofariki Chicago mwaka 1931, halikumwandikia taazia. Kumtukana mtu lazima kwanza umwone. Kulipa deni baada ya miaka 87 ni jambo jema, sibishi, ila jina la safu linawapa wahariri wa zamani udhuru wa watu waliosinzia kazini.