Tabora 1958 na Madai Yasiyosimama

Wapo wanaousimulia mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, kana kwamba Nyerere alisema, watu wakapiga makofi, yakaisha. Haikuwa hivyo. Wajumbe wengi walifika wamekasirika, na walikuwa na haki. Serikali ya Gavana Twining ilikuwa imeleta kura tatu: lazima uchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Tena uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kutosha, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa Unyanyembe angezitoa wapi pauni hizo? Wengi walitaka kususia. Ilibidi wabishane hasa ndipo hoja ya kushiriki ikapita, ule Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Akatoka, akaanzisha chama cha ANC. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere, asifikishe hata kura mbili katika kila mia. Lakini aligombea.

Linalonikera zaidi ni hili: eti nchi ya makabila zaidi ya 120 ilihitaji chama kimoja isije ikameguka. Miaka yenyewe inakataa. Wagombea wa TANU walikibwaga chama cha UTP, kipenzi cha gavana, katika uchaguzi wa 1958 na 1959; mwaka 1960 TANU ikazoa viti 70 kati ya 71. Sheria ya chama kimoja ilikuja 1965. Umoja ulitangulia. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiikanyaga njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, pembe begani na Kiswahili kinywani, kabla Mjerumani hajatia mguu.

Basi kura za chama kimoja zilikuwa maigizo matupu? Hapana. Mwaka 1965 wagombea wa TANU walishindanishwa wawili wawili, huyu alama yake jembe, yule nyumba, na Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaanguka. Ila uliweza kumng'oa mbunge, si chama.

Na vyama vingi vya 1992, tuliletewa na wafadhili? Msukumo wao ulikuwepo. Lakini Abdallah Fundikira, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe na baadaye akakiongoza chama cha UMD, alijiuzulu uwaziri tangu 1963, masharti ya wafadhili hayajazaliwa. Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi, nayo ilikuta takriban watu 80 katika kila mia wanataka chama kimoja kiendelee, ikapendekeza mageuzi hata hivyo. Ikataja na sheria 40 kandamizi: baadhi mkoloni alituachia, nyingine tulizitunga wenyewe. Kwa hizo hakuna mfadhili wa kumsingizia.