Seva ya Chini ya Ngazi

Haya wadau, leo nalisema wazi. Nimechoka kuwasikia matajiri wa ofisi za kutoa mizigo bandarini wakijigamba: "Barua pepe zetu ziko kwenye seva yetu wenyewe, kwa hivyo ziko salama." Salama kwa nani? Seva imewekwa chini ya ngazi, na fundi huitwa ikizima tu!

Tarehe 2 Machi 2021 Microsoft ilitoa viraka vya dharura vya Exchange kwa sababu wadukuzi walikuwa tayari wanaingia bila nenosiri. Walioumia ni wenye seva za ofisini. Exchange Online haikuguswa. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025, Exchange 2016 na 2019 zikafika mwisho wa huduma ya kawaida. Ukitaka kubaki na Exchange ofisini, toleo ni Subscription Edition la Julai 2025, na hilo hulipiwa mfululizo. Ile hoja ya "tulinunua mara moja" imekufa.

Mtaniuliza, intaneti ikikatika je? Kweli, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, Kenya ikasuasua. Lakini seva yako nayo ingempelekea mteja wa Dubai barua kwa njia gani? Kwa jahazi? Na stima ilipopotea nchini tarehe 25 Agosti 2023, ya chini ya ngazi ilikuwa na jenereta?

Sisemi wingu ni malaika. Mwaka 2023 wadukuzi walisoma barua za maofisa wa serikali ya Marekani humo humo kwenye wingu la Microsoft. Kwa hivyo ukihamia, sajili domeni kwa jina la kampuni, si la fundi. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Weka nakala pembeni.

Kipimo changu ni kimoja. Microsoft hutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Nitajie mtu atakayeviweka wiki hiyo hiyo. Unaye? Baki na seva yako, nakupigia makofi. Huna? Hama. Ndani ya barua hizo mna pasipoti za wateja na namba za akaunti. Mwizi akibadilisha namba moja kwenye ankara, pesa ya mteja imekwenda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai uzilinde, na kufuli la mlango wa ofisi si ulinzi.