Ndoto za mchana zisile siku yako



Kila mtu huota mchana. Uko kwenye foleni ya maji, mwili uko bombani lakini mawazo yako Uvira, yanafungua mlango wa nyumba uliyoiacha. Au umeshafika Australia, unapokea mshahara na kumtumia mama pesa. Hilo si kosa, wala si kichaa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na wako waliozaliwa humu ambao sasa ni wazazi. Mtu akisubiri mgao miaka yote hiyo, bila ruhusa ya kutoka kutafuta kazi, mawazo yake yatatoka bila kibali. Kwa hiyo sikubaliani na wanaowaita watu hawa wavivu.

Lakini sikubaliani pia na wanaosema, "Mwacheni, anajipumzisha." Mapumziko humrudishia mtu nguvu. Ndoto ninayoizungumzia humwondolea. Saa tatu zimepita, ugali umeungua, mtoto ana homa tangu asubuhi na hakuna aliyemgusa paji la uso. Siku ya kuchukua dawa imepita. Ukimwita mwenye ndoto anakasirika, kwa sababu umemtoa mahali pazuri na kumrudisha chini ya turubai.

Mwaka 2002 Eli Somer, mwanasaikolojia wa Israeli, aliandika juu ya watu ambao ndoto za mchana zilikuwa zimechukua nafasi ya kazi zao na ya watu wao wa karibu. Mpaka leo hali hiyo haimo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lakini wanaoishi nayo wanaijua. Wasomali wa kambi za Dadaab, nchini Kenya, wana neno buufis kwa hamu kubwa ya kuhamia nchi ya mbali. Hamu hiyo inaweza kumfanya mtu akatae kusoma au kujifunza ufundi, kwa kuwa "nitaondoka karibuni". Kisha mlango hufungwa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, aliyekuwa ameshahamia huko kwa mawazo alipoteza nchi mara ya pili.

Jipime mwenyewe. Je, unatafuta upweke ili uendelee na hadithi yako? Je, usingizi unakupita? Je, umeacha kula, kuoga au kusalimia majirani? Ukijibu ndiyo, fanya haya:

- Angalia ni saa ngapi mawazo hukuchukua, na saa hiyo ipe mikono yako kazi: kufuma, kupalilia bustani, kukarabati baiskeli.
- Usijilazimishe kuacha kabisa. Jiwekee muda mfupi, kisha simama, nawa uso, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona.
- Chukua kipande kimoja cha ndoto ukifanye leo. Unajiona fundi cherehani? Shona kifungo kimoja. Unajiona unaongea Kiingereza? Jifunze maneno matano.
- Mweleze mtu mmoja unayemwamini. Ndoto iliyosimuliwa hupungua nguvu.

Nanyi ndugu na majirani, msimcheke wala kumpiga kofi "azinduke". Mwiteni kwa jina, taratibu, mkampe nafasi kwenye mazungumzo.

Kuna mambo yasiyopaswa kusubiri. Anayeota mchana anajua kwamba anaota. Anayesikia sauti na kuamini ni za kweli apelekwe zahanati. Mtoto anayekodoa macho ghafla kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, bila kusikia akiitwa, huenda ana kifafa, naye apelekwe. Anayerudishwa kwenye vita kila akifumba macho, au anayewaza kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Mwambieni mhudumu wa afya wa jamii siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, hakuna anayekuambia uipende kambi. Endelea kutamani kwenu, au kwingine. Lakini mwili utakaosafiri siku hiyo ndio huu unaokaa hapa leo, na mtoto utakayekwenda naye ndiye huyu anayekuita sasa. Mwitikie.