Kompyuta ya Utafiti Tuikodi Kama Trekta



Juzi nilikuwa Kendwa. Mzee mmoja kang'oa muhogo mbele yangu: majani hayana neno, lakini mizizi kwa ndani imeoza, madoa ya kahawia matupu. Nikamwambia hii ni michirizi ya kahawia. Akanionesha mti wa pembeni: "Na huu, bwana shamba, nikate mbegu?" Hapo nikakwama.

Programu ya Nuru kwenye simu hutazama majani hata bila intaneti, na inasaidia. Lakini virusi vinaweza kuwemo na jani lisiseme kitu. Kujua kwa hakika kunataka maabara.

Timu ya Dk. Joseph Ndunguru wa Tanzania na Dk. Laura Boykin ilishapeleka mashambani kifaa kidogo cha kusoma vinasaba, MinION. Jibu lililokuwa likisubiriwa miezi 6 likapatikana ndani ya siku 2. Ila baada ya kusoma kuna hesabu: maelfu ya vipande vya vinasaba vinalinganishwa na virusi vinavyojulikana. Sampuli zikiwa nyingi, kompyuta ya mezani inaelemewa.

Wengi husema tusubiri fedha za kununua mashine kubwa. Mimi sikubali. Mkulima wa mpunga hanunui trekta kwa robo eka. Anakodi, analimiwa, analipa, basi. Kompyuta nazo zinakodiwa hivyo. Tangu 2014 Amazon wana huduma ya Lambda: mtafiti anatuma kazi kwa intaneti, mashine za mbali zinaifanya, analipia muda uliotumika tu. Sampuli 100 zinaweza kufanyiwa kazi kwa pamoja, kama watu wa ujima shambani.

Kasoro zipo. Kazi moja haipiti dakika 15, kwa hiyo ndefu lazima igawanywe. Kuhifadhi data kunalipiwa mbali, na bili ni ya dola. Mtandao ukikatika, umekaa. Hata hivyo, ni afadhali kuliko mashine ya mamilioni inayopigwa vumbi mradi ukimalizika.

Kwa sasa, mbegu usichukue shamba lenye mizizi iliyooza, hata mti ukiwa umependeza. Ulizia mbegu zilizotolewa na watafiti wetu 2007: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Na anayekuja kuchuma majani yako kwa utafiti, muulize mawili: data itakaa kwa nani, na jibu langu litarudi lini? Yule mzee bado anasubiri lake, na msimu haumsubiri.